Ghadhabu Haina Mikono

Liko neno moja lililozoeleka mno katika magazeti yetu na katika vinywa vya watu, hata hakuna alisikiaye akashtuka. Neno lenyewe ni hili: kwamba mtu fulani, aliyeshukiwa wizi, ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Husemwa hivyo kama isemwavyo kwamba mtu kapigwa na radi au kachukuliwa na maji. Hautajwi mkono ulioshika jiwe, wala mguu uliopiga teke, wala aliyekwenda mbio kuleta mafuta ya taa na mpira wa gari. Zatajwa hasira tu, kana kwamba hasira zina mwili na viatu, zatembea mjini zikitafuta mtu wa kumwua, kisha zarejea kwao kulala. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoko hapa Dar es Salaam, kimekuwa kikiwahesabu katika ripoti zake za kila mwaka watu wauawao namna hii, na hesabu yao imekuwa ikienda kwa mamia. Basi haya si mambo ya mtu mmoja wala ya mtaa mmoja.

Twataka kuuliza katika kurasa hizi chache: mtu aliyepandwa na ghadhabu, au aliyefunikwa na khofu au huzuni hata hajui alipo, je, ataulizwa kwa alitendalo katika saa ile? Na ikiwa ataulizwa, amepewa kitu gani cha kujishika nacho? Kwani si haki mtu kuulizwa kwa jambo asilopewa uwezo nalo, na Mola wetu hadhulumu.

Tutazame kwanza mahali penyewe, maana mambo haya hayatokei angani. Kariakoo yetu imepata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliokuwa wakiitwa Carrier Corps, ambao kambi yao ilikuwa hapa zamani za vita vikuu vya kwanza. Na ulimi wa watu ukaligeuza jina likawa hivi lilivyo. Toka siku hizo mpaka leo ni mahali pa mizigo. Mtu apitaye Mtaa wa Kongo siku tatu kabla ya Idi hupita baina ya mikokoteni na bodaboda, wachukuzi wampigia kelele apishe, wamachinga wametandika nguo mpaka penye nyayo zake, jua li utosini, naye pengine ana saumu, na mfukoni ana fedha ambazo si zote zake. Moyo wa mtu huyu umekwisha jaa nusu kabla hajafikwa na lolote. Ndipo isikiapo sauti moja tu, Mwizi! na nusu iliyobaki hujaa kwa mara moja.

Kijazacho ni nini? Moyo huenda mbio, pumzi hupanda juu kifuani zikawa fupi, misuli hukaza, macho huona kitu kimoja na pembeni hayaoni, na mikono huwasha kwa kutaka kutenda neno upesi. Matabibu wameieleza sababu yake: juu ya mafigo pana tezi mbili ndogo, nazo zikipata amri ya ubongo humimina katika damu kitu kiitwacho adrenalini, ambacho kazi yake ni kuuandaa mwili kwa kupigana au kwa kukimbia. Ni neema kubwa kwa mtu aliyekutana na chui porini. Lakini mwili peke yake haujui kupambanua baina ya chui na kijana wa miaka 16 aliyekwapua simu. Apambanuaye ni akili, na akili huja nyuma kidogo, kama mzee afuataye vijana wakimbiao. Maneno yetu yote yamo katika kipande hiki kidogo cha wakati, baina ya mwili kuwaka na akili kuwasili.

Wako wasemao kwamba mtu akishafika hapo amekwisha kuwa si yeye, amechukuliwa. Neno hili lataka kupimwa, maana ndani yake mna kweli kidogo na uwongo mwingi. Wanavyuoni walilipima zamani, nao hawakulipima kwa khabari ya wezi. Walilipima kwa khabari ya talaka, kwa sababu hapo ndipo wanaume wajapo asubuhi mlangoni kwa sheikh, macho mekundu, wakisema: Sheikh, nilikuwa na hasira. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, aliandika risala nzima juu ya talaka ya mtu mwenye ghadhabu, akaigawa ghadhabu daraja tatu. Ya kwanza ni mianzo yake, ambapo mtu ajua alisemalo na alikusudialo. Huyu talaka yake yapita pasi na shaka. Ya pili ni ile iliyofika ukomo, akili imefungwa, mtu hajui atamkalo. Huyu talaka yake haipiti. Ya tatu i baina ya hizo mbili, na hapo ndipo penye ikhtilafu. Ama katika madhhebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, mlango ni mwembamba zaidi: maadamu akili ipo, hasira haimpi mume udhuru. Nasi twaongeza jambo ambalo waume hulisahau wajapo kutaka fatwa, kwamba talaka zitamkwazo kwa furaha ni chache mno. Na lau kila hasira ingekuwa udhuru, talaka isingalikuwako duniani.

Walakini lililo kubwa katika mgawo huu ni kwamba ghadhabu ina mwanzo, ina kati, na ina mwisho. Ni safari. Hakuna aliyezaliwa mwisho wa njia. Basi hata akiwa mtu amefika ukomo na pale hana akili ya kuulizwa nayo, ataulizwa kwa pale alipopita hali anayo, naye asishuke. Atokaye Mbagala kwa daladala hupita vituo vingi kabla ya kufika Kariakoo. Hawezi kusema kwamba amechukuliwa, hali konda aliita kila kituo. Hata sheria ya serikali, katika Kanuni ya Adhabu, inapomtazama mtu aliyeua kwa kuchokozwa, huuliza kama palikuwapo wakati wa ghadhabu kupoa. Yaani nayo yajua kwamba ghadhabu hupoa, na kwamba wakati ndio dawa yake.

Tazama tena hukumu ya kadhi. Mtume (s.a.w.) alikataza mwamuzi asihukumu baina ya watu wawili hali amekasirika, na hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wakaifuatisha hukumu hiyo, na katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa katika misikiti ya pwani hii kizazi baada ya kizazi, imechukizwa kadhi ahukumu akiwa na ghadhabu, au njaa iliyozidi, au shibe iliyozidi, na kila hali iharibuyo tabia yake. Ndugu msomaji, simama kidogo hapa. Njaa na shibe! Hawa walikuwa watu wa elimu na ibada, wala hawakuona aibu kusema ya kwamba tumbo la kadhi laweza kuipinda haki ya watu. Hawakumwambia kadhi: wewe u mcha Mungu, njaa haikudhuru. Walimwambia: nenda kale kwanza. Sasa yule asimamaye katika duara Mtaa wa Kongo na jiwe mkononi, yeye ni shahidi, ni mwendesha mashitaka, ni kadhi, na ni mtoa adhabu, vyote kwa pamoja, na hukumu anayotaka kuitoa ni ya kuua. Ikiwa kadhi wa haki, mwenye elimu, mwenye vitabu mbele yake, hana ruhusa ya kuhukumu deni la shilingi kumi akiwa amekasirika, huyu ruhusa yake kaipata wapi?

Basi tumekwisha jua kwamba mtu ataulizwa. Limebaki la pili, amepewa nini. Methali tunayo, hasira hasara, na kila mtoto aijua. Lakini sidhani kwamba imepata kuuzuia mkono uliokwisha inuka, kwa sababu methali hukaa katika akili, na akili, kama tulivyosema, iko nyuma yaja. Kinachotakiwa ni jambo ambalo mwili waweza kulitenda sasa hivi, kabla akili haijafika.

Na hayo ndiyo tuliyofundishwa. Abu Dharr alikuwa akinywesha penye birika lake, wakaja watu, mmoja wao akalibomoa. Mtu na mali yake, na jua la Bara Arabu! Abu Dharr alikuwa amesimama, akaketi chini, kisha akalala. Alipoulizwa sababu, akawakhubiri kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha mwenye kukasirika hali amesimama aketi, na hasira isipomtoka alale. Kisa hiki kimo katika Musnad ya Imam Ahmad, na amri yenyewe iko pia kwa Abu Dawud. Imepokewa vile vile kwamba mwenye ghadhabu anyamaze. Na kwamba aseme maneno ya kujilinda kwa Mwenyezi Mungu na shetani. Na kwamba atawadhe, kwa kuwa moto huzimwa kwa maji. Hii ya mwisho wako wanavyuoni walioitia udhaifu sanadi yake, nasi twalisema hilo wazi. Lakini hakuna ubaya katika udhu, na mwenye kuujaribu ataona.

Angalia mambo haya yalivyo. Hakuna hata moja lililo kubwa. Kuketi, kulala, kunyamaza, kugusa maji. Mtu aliyesimama yu karibu na kupiga. Aliyeketi yapasa ainuke kwanza. Aliyelala yapasa aketi kisha ainuke. Kila hatua ni kituo kimoja cha kushukia. Na matabibu wa leo, kwa njia yao wenyewe, wamefika karibu na hapo hapo. Wasema kwamba pumzi itokayo polepole, ndefu kuliko ile iingiayo, huupunguza mwendo wa moyo. Kwamba maji baridi yakiugusa uso mapigo ya moyo hupungua kasi. Kwamba mtu akizikanyaga nyayo zake juu ya ardhi kwa nguvu, akaisikia ardhi ilivyo, akayapeleka macho na masikio yake kwa vitu vilivyomzunguka, fikira zake huachana na kile kitu kimoja zilichokiganda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 kitabu cha picha cha kuwafundisha watu kukabili dhiki za moyo, na fundisho lake la kwanza kabisa ni hili la kujirudisha penye ardhi. Mimi kwa Kiswahili chetu cha watu wa bahari napenda kuliita kutia nanga. Nanga haiuzuii upepo, wala baharia hatii nanga akitaraji kusi itulie. Huitia ili chombo kisiende miambani upepo uvumapo.

Mafundisho haya hayakujaribiwa Ulaya tu kwa watu walioshiba. Yalijaribiwa jirani yetu, kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kwa wanawake wa Sudani Kusini wapatao 700 katika vijiji 14, watu waliokimbia vita na kuacha maiti nyuma yao. Baadhi ya vijiji vilifundishwa kwa mikutano mitano, kwa sauti iliyonaswa katika Kiarabu cha Juba, na vingine havikufundishwa hivyo. Matokeo yakachapishwa mwaka 2020: waliofundishwa dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao, ingawa baada ya miezi mitatu tofauti ilikuwa imesinyaa. Natumaini msomaji ataipenda khabari hii kwa ukweli wake, kwa kuwa wauza dawa wa sokoni hawasemi kamwe kwamba dawa yao husinyaa.

Sasa namna ya kuitia nanga hapa mjini kwetu. Umesimama dukani Mtaa wa Aggrey, mteja amekutukana mbele ya watoto wako wa kazi. Usijibu. Toa pumzi yote mpaka ihisi kifua kimeshuka, kisha nyingine, kisha nyingine. Kanyaga chini, uisikie saruji chini ya kandambili. Shika kitu, jora la kitambaa, ukingo wa meza, tasbihi kama unayo, ukisikie ni kigumu au laini, cha baridi au cha moto. Kisha jitajie moyoni vitu uvionavyo kwa majina yake: mzani, kanga nyekundu, mkokoteni, nguzo ya umeme, yule paka. Sikiliza sauti zilizo mbali, mwadhini wa Msikiti wa Idrisa ikiwa ni wakati wake, au honi tu. Nusa. Kariakoo haikosi kitu cha kunusa. Wako waifundishao kwa hesabu, vitano vya kuona, vinne vya kugusa, vitatu vya kusikia, viwili vya kunusa, kimoja cha kuonja. Hesabu si faradhi, ila humsaidia mtu ambaye fikira zake zataka kazi. Na penye maji, nawa uso na mikono. Ukishaisikia pumzi imerudi chini, ndipo umtazame yule mteja, nawe utamwona kwa mara ya kwanza, kwani mpaka hapo ulikuwa ukilitazama tusi lake tu.

Najua yatakayosemwa. La kwanza, haya ni mambo ya wanyonge, mwanamume haketi chini akahesabu nguzo. Neno hili si jipya. Alipokuwapo mtu mmoja mbele ya Mtume (s.a.w.) uso umemwiva kwa ghadhabu katika matukano na mwenziwe, akaelekezwa neno la kumwondolea aliyo nayo, jawabu lake lilikuwa kwamba yeye si mwendawazimu. Alidhani kwamba dawa ni ya wagonjwa wa akili, na kwamba kuipokea ni kujitia katika hesabu yao. Na ni Mtume huyo huyo aliyewaeleza watu kwamba mwenye nguvu si aangushaye watu katika mieleka. Ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Neno la kumiliki ni neno la mfalme, wala si la mnyonge.

Na ukitaka mwanamume, mtazame Sayyidna Umar. Siku alipofariki Mtume (s.a.w.), mwaka 11 wa Hijra, Umar alisimama akikanusha mauti na kuwaogofya wayasemao. Akaja Abu Bakr, naye neno lake la kwanza kwa Umar, kama ilivyo katika Bukhari, lilikuwa kumwambia aketi. Umar akakataa kuketi. Abu Bakr hakubishana naye. Akawageukia watu, akawasomea aya. Na Umar mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipoisikia aya ile miguu yake haikuweza kumchukua, akaanguka chini. Tumewasikia masheikh wakikieleza kisa hiki kwa sababu ya aya, na ni haki yake. Lakini lipo na hili dogo, kwamba aliye bora wa umma baada ya Mtume wake, alipomwona mwenziwe amefurika, alianza na mwili wake: keti. Wala hatujapata kumsikia mtu aliyesema kwamba imani ya Umar ilikuwa dhaifu siku ile.

La pili litakalosemwa lafanana na hilo, nalo hutoka kwa watu wa dini khasa: kwamba mwenye imani hahitaji hila za mwili, amtaje Mola wake imetosha. Twajibu kwamba dhikri yataka ulimi na pumzi, na sala yataka miguu na paji la uso. Dini hii haikutuambia kamwe tuiache miili yetu nje ya mlango. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, aliandika kitabu cha maslaha ya miili na nafsi pamoja, akashauri kwamba kama mtu awekavyo dawa nyumbani kabla ya ugonjwa, basi aziweke pia fikira njema tayari katika saa ya utulivu, azitumie nafsi itakapochafuka. Karne zaidi ya kumi zimepita. Asemaye kwamba haya ni mambo ya kizungu hajui mali ya babu zake ilipo.

Tena, Qur'ani haikuwasifu watu wasio na ghadhabu. Katika Sura ya Al Imran imewasifu wenye kuizuia, na neno lililotumika pale, wajuzi wa lugha wasema, asili yake ni kufunga mdomo wa kiriba kilichojaa maji. Kiriba kitupu hakina haja ya kufungwa. Na katika khabari ya Nabii Musa, aliyeziweka chini zile mbao kwa ghadhabu alipowaona watu wake na ndama, hatuambiwi katika Sura ya Al-A'raf kwamba ghadhabu yake ilikufa. Twaambiwa kwamba ilinyamaza, kana kwamba ilikuwa ikimsemesha; na iliponyamaza, akaziokota mbao. Kumbe ghadhabu ina sauti. Mikono haina. Mikono ni ya Musa, na ni ya kila mtu.

La tatu ndilo zito, nalo sitalipita upesi. Mfanyabiashara ataniambia: Wewe wanifundisha kuketi chini na kuvuta pumzi, hali aliyenidhulumu hajafundishwa kitu. Je, si njia ya kuwanyamazisha wenye haki? Swali hili ni la kweli, na mtu asiyeliogopa hajaishi mjini. Zipo ghadhabu za haki, na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akighadhibika mipaka ya Mwenyezi Mungu inapovunjwa. Anayemtuliza mwenye haki ili tu asidai haki yake, huyo amemsaidia dhalimu, hata akimsomea hadithi mia. Lakini kutia nanga si kukubali. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka yao mwezi wa Mei 2023 kwa malalamiko ya kodi na namna ya kukusanywa kwake, ghadhabu ilikuwapo, nayo ilikuwa kubwa. Na tarehe 17 ya mwezi ule walikusanyika Mnazi Mmoja, wakasimama mbele ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa wakaeleza yao. Wakafunga tena mwezi wa Juni 2024. Sisemi kwamba yote yalitendeka vizuri, wala kwamba wote walikuwa na haki katika kila neno. Nasema tu kwamba kufuli la duka ni ghadhabu iliyofungwa mdomo kama kile kiriba. Yabebeka, yapelekwa inapotakiwa kwenda, na humiminwa pale. Jiwe ni kiriba kilichopasuka. Na tazama jambo hili ajabu: yule auawaye na wenye hasira kali si yule mkubwa aliyewadhulumu kwa miaka. Ni kijana wa simu. Ghadhabu isiyoshikwa haiendi kwa mwenye deni. Huenda kwa aliye karibu na aliye dhaifu, na jioni yaenda nyumbani kwa mke na watoto.

Nimesema zaidi juu ya ghadhabu, lakini khofu na huzuni zina mlango ule ule. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua, lile jengo alilolichora Beda Amuli na likajengwa katika miaka ya 1970. Watu walilala na mtaji, wakaamka na majivu. Na asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024 jumba la ghorofa nne likaanguka Kariakoo hali watu wamo ndani. Zaidi ya 20 walikufa, na zaidi ya 80 wakatolewa hai. Waokoaji walichimba siku kadhaa, na wako waliokuwa chini ya kifusi wakisemezana na walio juu. Mtu aliyetoka katika kifusi kama kile, au aliyesimama nje akimngoja nduguye, aweza kupatwa na jambo hili: akisikia mlango umebamizwa, mwili wake huwaka kana kwamba jumba laanguka tena. Huyu usimwambie ana imani haba. Nabii Yaakub macho yake yalikuwa meupe kwa huzuni, na Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Mwambie akanyage chini. Mwambie ataje siku ya leo na mtaa alipo. Mpe maji. Kaa naye, usiseme mengi.

Na ikiwa majuma yamepita naye halali, hali, ameacha kazi, au asema kwamba afadhali asiwepo, basi hapo nanga peke yake haitoshi, chombo chataka fundi. Muhimbili wako matabibu wa maradhi ya nafsi, na kumpeleka mtu huko ni kama kumpeleka aliyevunjika mguu. Wako watu wetu ambao huficha jambo hili kwa khofu ya maneno ya mtaa, mpaka likawashinda. Mtaa utasema hata hivyo. Ni kazi yake.

Turudi kwa yule aliye katika duara na jiwe mkononi, kwani kwake ndiko tulikoanzia. Hatukumtaka awe walii. Twamtaka jambo dogo ambalo hata mtoto aliweza: aketi. Pale pale, juu ya ukingo wa mfereji, penye vumbi, suruali yake ichafuke. Jiwe litamtoka lenyewe, maana ni vigumu kuketi na jiwe. Atoe pumzi. Ataje avionavyo, na katika avionavyo atamwona kijana aliye chini, nguo zimemchanika, na atamwona pia mwenye simu, ambaye mara nyingi amekwisha ipata simu yake na asimama pembeni hajui afanye nini. Na watu, kwa kuwa watu hutazamana, watamwona mwenzao mmoja ameketi. Baadhi watamcheka. Wawili watatu watapunguza mwendo. Kisha ainuke, amshike kijana kwa mkono wake, na amwombe mwenye simu afuatane nao mpaka Kituo cha Polisi cha Msimbazi, ambacho kimo humu humu Kariakoo na hufikiwa kwa miguu.